Maji Hufuata Mkondo: Je, Aliye Juu Ana Haki Gani Juu ya Aliye Chini?



Kuna methali ambayo kila mmoja wetu ameisikia tangu utotoni: maji hufuata mkondo. Mara nyingine methali hii husemwa kwa wema, kumwonya mtu asishindane na jambo lisiloshindika. Lakini mara nyingi husemwa kwa ubaya, yaani kumpatia mtu udhuru wa jambo ambalo alikuwa na uwezo wa kulitenda au kuliacha. Mpokea rushwa huitaja methali hii. Mfanyabiashara afichaye sukari ghalani ili bei ipande huitaja. Na kijana aliyeingia katika ulevi kwa sababu rafiki zake wote ni walevi huitaja pia. Wote hawa wanasema kwamba yaliyotokea yalikuwa hayana budi kutokea. Kwa hiyo yafaa tuitazame methali hii kwa makini, tujue maji yenyewe hufuata nini, kisha tupime kama mwanadamu anaweza kujificha nyuma yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwapo katika baraza la wazee wa kijiji kimoja cha mlimani, waliokuwa wakisikiliza ugomvi wa majirani wawili juu ya mfereji. Mfereji ule hupita kwanza katika shamba la yule aliye juu, kisha huteremka mpaka katika shamba la yule aliye chini. Mwaka ule mvua za vuli zilikosekana. Mwenye shamba la juu akauziba mfereji kwa siku tisa mfululizo, akamwagilia migomba yake na nyanya zake, na maharage ya jirani yake yakakauka yakiwa katika maua. Alipoulizwa na wazee alijibu kwa utulivu: "Wazee wangu, mimi sikuiba kitu. Sikwenda kuyachukua maji kwa mtu. Yalikuja yenyewe mpaka shambani kwangu."

Yule wa chini, mama mjane aliyekuwa ameketi kando na kanga yake kichwani, akasema bila kupandisha sauti: "Hata kwangu yangalikuja yenyewe, mwanangu, lau usingaliyazuia."

Baraza zima lilinyamaza. Kwa maoni yangu, katika maneno hayo mawili umo mjadala wote. Yule wa kwanza ametoa habari za maumbile akadhani ametoa hoja ya haki. Yule wa pili amezipokea habari zile zile za maumbile, akaonyesha kwamba hazimteteei jirani yake hata kidogo. Tuchunguze jinsi ilivyo.

Kwa nini maji huteremka?

Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba kila kitu kina mahali pake pa asili. Mahali pa udongo ni chini kabisa, pa maji ni juu ya udongo, pa hewa ni juu ya maji, na pa moto ni juu ya vyote. Kwa rai yake, maji huteremka kwa sababu yanarejea kwao, kama msafiri arudivyo nyumbani. Fikira hii ilipendeza watu, ikadumu kwa karne nyingi, kwani iliyapa maji kusudi.

Mwaka 1687 Mwingereza Isaac Newton alitoa kitabu chake juu ya misingi ya hesabu ya elimu ya maumbile, na humo akaonyesha kwamba hakuna haja ya kusema hivyo. Kila kitu chenye uzito wa mada huvuta kila kitu kingine. Kadiri mada ilivyo nyingi ndivyo mvuto uzidivyo, na kadiri umbali ulivyo mkubwa ndivyo mvuto upunguavyo. Dunia ni kubwa mno kuliko tone la maji, kwa hiyo tone ndilo tulionalo likienda. Nguvu iliangushayo embe kutoka mtini ndiyo hiyo hiyo iushikayo mwezi usipotee angani. Karibu na uso wa ardhi, kitu kiangukacho bila kizuizi huongeza mwendo wake kwa kiasi cha mita 9.8 kwa sekunde, katika kila sekunde ipitayo.

Lakini msomaji aweza kuuliza: ikiwa jiwe nalo huvutwa vile vile, mbona jiwe hutulia juu ya mteremko na maji hayatulii? Jibu ni kwamba kitu kigumu kina uwezo wa kushikamana. Ukilisukuma jiwe kidogo upande, msuguano wa chini yake na ugumu wa mwili wake hulizuia. Maji yaliyotulia hayawezi kuhimili msukumo wa namna hiyo hata uwe mdogo namna gani. Tabaka moja huteleza juu ya jingine. Kwa hiyo mteremko mdogo kabisa, usioonekana kwa macho, huyatosha maji kuondoka. Hayataacha kwenda mpaka uso wake uwe sawasawa pande zote, ndiyo maana fundi mwashi hutumia maji kupimia msingi wa nyumba.

Na lipo jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Ziwa Viktoria lipo kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yatokayo humo husafiri zaidi ya kilomita 5,000 mpaka Bahari ya Kati. Lau maji hayo yangaliteremka kimo hicho bila kuzuiwa na kitu, yangalifika baharini kwa mwendo upitao kilomita 500 kwa saa, na hapana mji wala shamba ambalo lingalisimama njiani. Lakini mto hutembea kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, au akimbiaye pale penye maporomoko. Mawe, mchanga, kona na mizunguko ya maji yenyewe huula ule mwendo hatua kwa hatua. Basi kinacholifanya bonde likalike si mvutano peke yake, bali ni mvutano pamoja na vizuizi vyake. Tuliweke jambo hili akilini, kwa maana tutalirudia.

Maana mbili za neno "kwa nini"

Newton mwenyewe aliulizwa mvutano huu unatokana na nini hasa, naye katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka 1713, alikiri kwamba hakuweza kuipata sababu hiyo katika mambo aliyoyachunguza, wala hakutaka kubuni dhana. Mwaka 1915 Albert Einstein alieleza kwamba mada hupinda mahali na wakati, na kwamba vitu hufuata mapito ya upindo huo. Mwaka 1979 Profesa Abdus Salam wa Pakistan, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kuwa nguvu mbili za maumbile zilizodhaniwa kuwa mbalimbali, ile ya umeme na sumaku na ile iitwayo nguvu dhaifu ya kiini cha atomu, kwa asili ni nguvu moja. Lakini mvutano, ule ambao kila mtoto huujua tangu siku aangukapo akijifunza kutembea, haujaunganishwa na wenziwe mpaka leo.

Nataja haya ili tuone kwamba swali la "kwa nini" lina maana mbili. Maana ya kwanza huulizia kisababishi: ni nguvu gani iliyolifikisha jambo hili hapa? Maana ya pili huulizia hoja: kuna uhalali gani wa kulitenda? Maji yana visababishi tu. Hayana hoja, kwa sababu hayakuchagua. Ukiyauliza maji kwa nini yamebomoa nyumba, umepoteza wakati. Bali ukimwuliza mtu kwa nini amebomoa nyumba ya jirani yake, naye akakujibu kuwa mikono yake ilivutwa na misuli na misuli ikavutwa na neva, utajua kuwa anakukwepa. Aliyosema ni kweli, lakini hakujibu ulichomwuliza.

Hili ndilo kosa la yule wa shamba la juu. Kwamba maji yalifika kwake kwanza, ni kweli. Hiyo ni habari ya mteremko. Lakini kuuziba mfereji kwa siku tisa si habari ya mteremko. Lile bonge la udongo na majani ya mgomba halikuviringika lenyewe mpaka mlangoni mwa mfereji. Liliwekwa kwa mkono. Palipoishia kazi ya mvutano ndipo ilipoanzia kazi yake yeye, na hapo ndipo maswali ya haki yanapoanzia.

Baadhi ya waandishi wamependa kuyasifu maji kwa unyenyekevu, wakisema kuwa huchagua mahali pa chini na kuacha pa juu. Mimi sidhani kuwa sifa hiyo ni sahihi. Maji hayana unyenyekevu, kama vile yasivyokuwa na uchoyo. Asiyeweza kujikweza hasifiwi kwa kutojikweza. Mwanadamu ndiye awezaye kusimama juu na kujizuia asimdhulumu aliye chini. Kwa hiyo fadhila hiyo ni yake yeye, si ya mto.

Juu hapakufikiwa bure

Hata hivyo, mtetezi wa yule wa juu anaweza kusema: "Vema, mteremko haumpi haki. Lakini yeye ndiye aliyetangulia kuyapata. Je, aliyetangulia hana ubora?" Hapa yafaa tuulize swali ambalo watu husahau kuliuliza: kabla ya kuteremka, maji yalipandaje?

Kila tone lililo mlimani lilikuwa chini hapo kwanza, nalo lilipandishwa kwa gharama. Chukua mfano wa mama ainuaye ndoo ya lita 20 kutoka bondeni, akaipandisha kimo cha mita 50 mpaka nyumbani kwake. Kazi aliyoyafanyia maji hayo ni sawa na kuinua lita moja kimo cha mita 1,000. Anaijua kazi hiyo kwa shingo yake na magoti yake. Sasa tufikirie mvua ndogo ya milimita 10 inyeshayo juu ya shamba la hekta moja. Hiyo ni lita 100,000, yaani ndoo 5,000 za mama yule. Ni nani aliyezipandisha ndoo 5,000 mpaka mlimani? Jua liliyatia joto maji ya bahari yakawa mvuke, upepo ukauchukua, mlima ukausukuma juu mpaka ukapoa na kuwa mawingu, kisha ukateremka kuwa mvua. Mwenye shamba la juu hakuinua hata ndoo moja katika hizo. Wala mwenye shamba la chini hakuinua.

Kwa hiyo hoja ya kutangulia haina nguvu kama ilivyodhaniwa. Yule wa juu hakuyazalisha maji, bali yamepita kwake. Kama karani wa posta ni mtu wa kwanza kuishika barua, hilo halimfanyi kuwa mwenye barua. Utangulizi wa namna hii ni amana, na amana ina mambo mawili: mwenye kuishika anaruhusiwa kutumia fungu lake, na analazimika kulifikisha fungu la mwenziwe.

Lakini tusivuke mpaka katika kusema hivi. Aliyechimba mfereji amefanya kazi, naye ana haki ya kazi yake. Mababu wa Kilimanjaro waliichimba mifongo, yaani mifereji iyachukuayo maji kutoka katika mabonde makali na kuyapitisha ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, na mingi ya mifongo hiyo ina umri wa karne kadhaa. Huko Upare walijenga na ndiva, yaani mabwawa madogo ya kuhifadhi maji usiku ili yapate kutumika mchana. Hawakuivunja kanuni ya mvutano hata mara moja. Waliitii katika kila hatua, na kwa kuitii wakayapeleka maji mahali ambapo yenyewe yasingekwenda. Kwa hakika fundi wa mfereji hujua kwamba mteremko ukiwa mkali mno maji huula udongo na mfereji hubomoka. Ukiwa mdogo mno tope hutuama na mfereji huziba. Yampasa achague kiasi.

Hapa napata jibu la yule asemaye kwamba mwanadamu naye huvutwa na tamaa kama maji yavutwavyo na ardhi, hivyo hana lawama. Nakubali kuwa tamaa huvuta. Sikubali kwamba kuvutwa ni kupelekwa. Aliyechimba mfongo hakuwa na nguvu za kuuondoa mvutano, lakini alikuwa na akili ya kuuelekeza. Vivyo hivyo mtu hawezi kujiondolea haja ya chakula, mali na heshima. Lakini anaweza kuichimbia njia, na anaweza kuiwekea mawe na kona ili isimfikishe chini kwa mwendo wa kilomita 500 kwa saa. Sheria, ahadi, desturi njema na aibu mbele ya majirani ndivyo vizuizi vya mto huu. Mtu avionaye kuwa ni minyororo hajaona bonde lililopitiwa na maji yasiyo na kizuizi.

Hukumu ya mfereji wa Madina

Swali hili la wa juu na wa chini si geni. Katika vitabu vya Hadithi imehifadhiwa habari ya ugomvi kati ya Zubeir bin Awwam na mtu mmoja miongoni mwa Ansari, juu ya mifereji ya maji yatokayo Harra, nchi ya mawe meusi iliyo kando ya Madina. Shamba la Zubeir lilikuwa juu, na mtu yule alimtaka ayaachie maji yapite. Shauri likafikishwa mbele ya Mtume Muhammad (s.a.w.). Kwanza alimwambia Zubeir amwagilie, kisha ayaachilie maji yaende kwa jirani yake. Yule Ansari akakasirika, akadai kuwa Zubeir amependelewa kwa sababu ni mtoto wa shangazi yake Mtume. Ndipo Zubeir alipopewa haki yake kamili: ayazuie maji mpaka yafike kwenye msingi wa kuta za shamba, kisha ayaachilie. Wanachuoni waliokuja baadaye walikipima kimo hicho, wakaona kuwa ni kiasi cha vifundo vya miguu.

Tuangalie mambo matatu katika hukumu hii. La kwanza, aliye juu hutangulia. Hukumu haikuyapinga maumbile wala haikulazimisha maji yaanzie chini. La pili, kutangulia kwake kuna mpaka, na mpaka huo unapimika. Si "mpaka nitosheke," kwa sababu hakuna ajuaye tamaa itatosheka lini, bali mpaka kifundo cha mguu, jambo ambalo hata mtoto aweza kulishuhudia. La tatu, na hili ni zito kwa aliye chini, shauri la kwanza lilikuwa jepesi zaidi kwake kuliko la pili. Lilikuwa ni shauri la ihsani, lililomtaka wa juu aridhike na kidogo kuliko haki yake. Alipolikataa, akabakiwa na haki tupu. Majirani wengi wafikao mahakamani wamepoteza ihsani njiani bila kujua.

Mito yetu wenyewe

Tusidhani kuwa mambo haya ni ya mifereji midogo tu. Mto Ruaha Mkuu ulio Tanzania hukusanya maji yake katika nyanda za Usangu, hupita katika kinamasi cha Ihefu, huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha huteremka kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na mwishowe hujiunga na Rufiji. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi katika majira ya kiangazi, na viboko na mamba wakabaki wamesongamana katika madimbwi. Mwaka 2006 kina cha maji huko Mtera kilipungua mno, na miji iliyo mbali ikakaa gizani kwa mgao wa umeme.

Ni nani mwenye lawama? Ni rahisi kumtaja mtu mmoja. Wengine waliwalaumu wafugaji na ng'ombe wao, na katika miaka ya 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu. Watafiti kadhaa walionyesha kuwa sehemu kubwa ya upungufu wa kiangazi ilitokana na maji yaliyochepushwa kwenda mashambani, hasa ya mpunga, na mengine yakiachwa yaendelee kuingia katika mifereji hata wakati ambapo hayakuhitajiwa sana. Lakini mkulima wa mpunga si mtu mbaya. Wali wake huliwa mjini na watu wale wale walalamikao kuwa umeme umekatika. Kila mmoja wao aliutazama mlango wa mfereji wake tu, akaona kuwa ametwaa kidogo. Ubaya mkubwa hautaki watu wabaya sana. Watosha watu wa kawaida elfu moja, kila mmoja akisema kuwa maji yalikuja yenyewe.

Mataifa nayo husema maneno ya yule wa shamba la juu. Mwaka 1895 Judson Harmon, Mwanasheria Mkuu wa Marekani, alitoa rai kwamba nchi yake haikuwa na wajibu wowote wa kisheria kwa Meksiko juu ya maji ya mto Rio Grande yaliyokuwa yakichukuliwa upande wa juu, kwa kuwa kila taifa lina mamlaka kamili ndani ya mipaka yake. Rai hiyo ilipata umaarufu duniani. Lakini mwaka 1906 Marekani hiyo hiyo ilitia sahihi mkataba wa kuipelekea Meksiko kiasi maalumu cha maji ya mto ule kila mwaka. Kwa hiyo hata waliotamka kuwa hawana wajibu waliona kuwa hawawezi kuishi na majirani kwa kauli hiyo.

Aliye chini naye ana wajibu

Lakini uadilifu watutaka tuugeuze uso wa pili. Si kila aliye chini amedhulumiwa, na si kila aliye juu ana nguvu. Mwaka 1929, kwa barua zilizopelekwa baina ya Uingereza na Misri, ilikubaliwa kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza pasijengwe kitu juu ya Nili na maziwa yake kitakachopunguza maji ya Misri, ila kwa ridhaa ya Misri. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji kwa mkataba wao: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan. Nchi za juu, ambako mvua hunyesha, hazikuwamo katika ugawaji huo. Basi hapa aliye chini ndiye aliyeushika mlango wa mfereji, ingawa mlango wenyewe ulikuwa mbali naye. Ndiyo maana mwezi Julai 1962 serikali ya Tanganyika ilitangaza kuwa haifungwi na makubaliano yale ya 1929. Mkataba mpya wa ushirikiano uliofunguliwa kwa sahihi huko Entebbe mwaka 2010 ulianza kutumika Oktoba 2024, ingawa Misri na Sudan hazikuutia sahihi. Na bwawa kubwa la Ethiopia katika Nili ya Buluu lilizinduliwa Septemba 2025.

Haki ya Misri ya kuishi haikatiki kwa sababu ipo chini. Nchi ile ni jangwa, na bila mto haipo. Lakini haja yake haiwezi kuwa sababu ya kumwambia aliye juu asinywe. Aliye chini ana mambo mawili ya kutenda. Kwanza, akubali kuwa wa juu naye ana kiu. Pili, ashiriki katika gharama ya kuyatunza maji huko yatokako. Katika desturi ya mfereji, wote wanywao humo hutoka pamoja siku ya kuusafisha, wa chini pamoja na wa juu, ingawa sehemu iliyobomoka iko mbali na shamba lake. Asiyetoka na jembe lake hana uso wa kudai zamu.

Ndivyo wale wazee walivyohukumu siku ile. Hawakumtoza yule wa juu faini. Walipanga zamu: usiku maji yaende kwa mama yule, mchana yabaki juu, na Jumamosi wote wawili wakauzibue mfereji. Maharage yalikuwa yamekwisha kufa, wala hukumu haikuweza kuyafufua. Lakini kabla hatujaondoka, yule wa juu alisimama akasema, "Mama, nitakupa debe la mbegu." Alikuwa amefahamu kwamba zamu ni haki, na debe ni deni.

Mteremko wa miaka

Nataka nimalize kwa kuutaja mteremko mmoja ambao hauna baraza la wazee. Jirani aliye chini aweza kupanda mlima, akagonga mlango, akalia mbele ya watu. Taifa lililo chini laweza kutuma balozi. Lakini wako watu walio chini yetu ambao hawawezi kupanda: hao ni watoto wa watoto wetu. Wakati huenda upande mmoja tu, kama maji. Hakuna jua liwezalo kuyainua machozi yao yakatufikia sisi huku juu, wala pampu iwezayo kuyarudisha nyuma malalamiko yao. Msitu tunaoufyeka leo kwenye chemchemi, taka tunazozimwaga mtoni, na madeni tunayoyakopa kwa jina la nchi, yote yatateremka kwao kwa uhakika ule ule ulishao embe ardhini. Nao watayapokea bila kuulizwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kila mmoja wetu na ajiulize ni katika jambo gani yeye yuko juu. Mwajiri yuko juu katika mshahara. Mwalimu yuko juu katika elimu. Mzazi yuko juu katika tabia. Mwenye ofisi yuko juu katika saini yake. Katika kila jambo la namna hiyo kuna kitu kilichokuja kwetu bila ya sisi kukipandisha, na kuna mtu aliye chini anayekingojea. Tutwae mpaka kifundo cha mguu, kisha tufungue mlango wa mfereji. Na tusiseme tena kuwa maji hufuata mkondo, mpaka kwanza tumetazama kama mkono ulioziba mkondo huo si wetu.